Maji ya Tatu

Miaka kumi na mmoja naijua Tsavo
kwa kuifua.

Mashati ya wageni hushuka kwa kapu la waya
kutoka ghorofa za juu, hapa Shanzu,
kola zimepigwa utepe wa vumbi jekundu,
na sisi chini, baina ya mashine na mvuke,
hatuulizi waliona nini.
Soksi husema.
Maji ya kwanza hutoka chai ya mkandaa,
ya pili ukwaju uliokorogwa,
na ya tatu, ukidhani umeshamaliza,
bado kuna kitu kinakataa.

Mara nyingine mfukoni nakuta tikiti,
jina limelowa, bei imebaki.
Siku moja nilikuta mwiba
mrefu kuliko sindano ya magunia.
Niliuchomeka kwenye pazia nyumbani, Mtopanga.
Hakuna aliyeniuliza.

Mwaka huu chama kilipovunja kibubu
Mwanasiti alitaka sufuria,
Kadzo alitaka viti vya kukodisha matangani.
Mimi nikasema nataka kwenda kuona.
Kuona nini?
Kule kunakotoka uchafu.
Wakacheka hadi Bi Mejumaa akapaliwa.
Lakini walikuja, kumi na wanne,
na mahamri kwenye ndoo ya rangi,
na mbaazi, na mtoto mmoja asiyelipiwa.

Baada ya Mariakani minazi ikatuacha mmoja mmoja,
wasindikizaji waliochoka.
Langoni Voi, askari Mwadime
alisoma vitambulisho kwa sauti, jina na jina la baba,
akamtazama mtoto, akamsamehe.

Kisha hakuna kitu.
Nasema kweli, kwa muda mrefu hakuna kitu.
Nyasi. Nyasi tena. Joto likitetemeka
kama hewa juu ya pasi.
Mwanasiti akaanza kuzitaja sufuria zake,
ya kilo mbili, ya kilo tano, ile ya pilau.
Dereva akazima injini.
"Yuwaja," akasema mtoto,
na hatukujua ni nani
mpaka udongo ukasimama, ukatembea.

Ndovu. Mwekundu.
Si kijivu kama yule wa kalenda ya duka la nyuzi.
Alichota vumbi kwa mkonga, akajimwagia mgongoni,
akaliacha likae,
taratibu, mtu anavyojifunika shuka
akijua usiku una baridi.
Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe.
Ulitaka kumsugua shingoni,
pale ambapo kola ingekuwa.
Nikaushika kwa mkono wa pili.

"Huyu, Mishi," Kadzo akanong'ona,
"ungemfua kwa sabuni gani?"
Hakuna aliyecheka.
Ndovu alitutazama kidogo, si sana,
jicho la mgeni wa ghorofa ya nne
akiupita mlango wa nguo chafu.
Akaenda zake.

Simba hatukuona.
Watu wanauliza, na simba je?
Simba hatukuona.

Usiku wa kurudi Mtopanga haikuwa na umeme.
Nilivua leso gizani, nikaikung'uta,
nikasikia Tsavo ikianguka sakafuni,
punje kwa punje, mlangoni kwangu,
bila kiingilio.
Asubuhi nikajaza beseni.
Maji ya kwanza, mkandaa.
Ya pili, ukwaju.
Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi nikiyatazama ya tatu
mpaka jua likafika ukutani.
Sikuyamwaga.

Jumatatu kapu likashuka.
Shati jeupe, mikono mirefu, kifungo kimoja hakipo,
mkono wa kushoto umeiva kuliko wa kulia.
Nikalinusa kabla sijalitia.
Msimamizi Charo akaja nyuma yangu:
kuna nini hapo?

Nikamwambia, huyu alikaa dirishani.
Nikamwambia, na dirisha hakulifunga.